Kulea Vifaranga wa Samaki Klauni Nyumbani: Tangu Usiku wa Kuanguliwa Hadi Mistari Meupe

Jozi ya samaki klauni ikishaanza kutaga, hutaga tena kila baada ya wiki mbili hivi. Mayai mamia hubandikwa kwenye chungu au kigae, dume huyalinda na kuyapepea kwa mapezi, na usiku mmoja yanaanguliwa. Asubuhi tangi limejaa vifaranga wembamba kama vipande vya uzi. Siku ya tano hajabaki hata mmoja.

Lalamiko hili hurudi kila mara, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: mfugaji aliona mayai kwanza, ndipo akaanza kutafuta chakula. Mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Rotifa, wale wanyama wadogo mno wa majini ambao ndio chakula cha kwanza, wanahitaji wiki moja mpaka mbili kuongezeka hadi watoshe kulisha. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye ndoo ya rotifa, hata kama jozi yako bado haijataga. Kama mayai yameshaonekana na rotifa huna, mzunguko huu uache upite, ujiandae kwa unaofuata.

Maelezo haya yanawahusu *Amphiprion ocellaris* na *Amphiprion percula*, ndio wanaofugwa zaidi majumbani. Klauni wa bahari yetu ya Afrika Mashariki, *A. akallopisos* mwenye mstari mweupe mgongoni na *A. allardi* mwenye mistari miwili ya kushuka, wanapitia hatua zilezile.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya yai la kwanza

- Tangi la kulelea la lita 20 hadi 40, tupu kabisa: bila mchanga, bila mawe. Pande zake zifunikwe kwa nje na karatasi nyeusi.
- Hita ndogo ya wati 50 na kipimajoto.
- Pampu ya hewa, mpira wa hewa wenye vali ya kupunguzia, jiwe la hewa (kijiwe chenye matundu kinachotoa mapovu madogo), na kijibomba kigumu cha plastiki cha kuingia majini.
- Pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya umeme ukikatika. Hii usiiache.
- Ndoo mbili za lita 20 za kufugia rotifa.
- Mbegu hai ya rotifa, *Brachionus plicatilis*.
- Mwani mdogo wa kijani, *Nannochloropsis*, ulio hai au uliokolezwa kwenye chupa na kuhifadhiwa kwenye friji.
- Chekeche la maikroni 50 hivi kwa rotifa (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na jingine la maikroni 120 kwa atemia, yaani vijikamba vya maji ya chumvi ambavyo ni chakula cha pili cha vifaranga.
- Mayai makavu ya atemia na chupa ya plastiki ya lita 1.5.
- Rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji), kipimo cha amonia (sumu inayotokana na uchafu kuoza), sirinji, kioo cha kukuzia, tochi.
- Filta ya sponji iliyokaa ndani ya tangi la wazazi kwa wiki nne au zaidi.
- Chakula cha unga cha vifaranga wa baharini, chembe za maikroni 200 hadi 400.

Neno moja kuhusu maji. Tangi la vifaranga lijazwe maji ya tangi la wazazi, kwa sababu mayai yamekulia humo na kipimo cha chumvi ni kilekile. Maji ya bahari ni ya kujazia baadaye. Aliye Mombasa, Tanga au Unguja ayachote maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto, na asichote mara baada ya mvua za masika, wala kusi ikiwa imechafua bahari. Yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yaue vijidudu: mililita 4 za dawa ya klorini ya asilimia 5, isiyo na manukato, kwa kila lita 20. Yaache usiku kucha na hewa ikipita. Kesho yake ondoa klorini kwa gramu 1.4 za sodiamu thiosalfeti, halafu pima uhakikishe imekwisha. Ukiruka uchujaji huu, kuna hatari ya kuingiza wanyama wadogo watakaokula vifaranga au kuwamaliza rotifa wako.

## Hatua ya 1: Simamisha ndoo za rotifa

Jaza kila ndoo lita 15 za maji yenye kipimo cha chumvi 1.018 hadi 1.020. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Weka mpira wa hewa usio na jiwe, mapovu makubwa yapande taratibu. Mapovu madogo ya jiwe la hewa huwanasa rotifa na kuwapandisha juu pamoja na uchafu.

Mimina mbegu, kisha tia mwani mpaka maji yawe kijani chepesi. Hapa rangi ndiyo kipimo chako. Maji yakikwajuka na kuwa meupe, wamekula, tia tena. Mara mbili kwa siku hutosha. Maji yakibaki kijani kilekile tangu jana, hawali, na hiyo ni ishara ya mwanzo kwamba ndoo inakufa. Ishara nyingine ni povu zito juu, harufu ya kuoza, na rotifa kuzama chini badala ya kuzunguka.

Ning'iniza kipande cha pamba ya filta ndani ya kila ndoo, ukisuuze kila siku kwa maji ya chumvi. Kinakusanya uchafu ambao ungeoza.

Sasa kuhesabu, jambo ambalo wengi hulikwepa. Vuta mililita 1 kwa sirinji, ielekeze kwenye mwanga, uhesabu chembe nyeupe zinazokimbia. Zikiwa nyingi mno, changanya mililita hiyo na 9 za maji, vuta tena mililita 1, hesabu, kisha zidisha kwa 10. Tone la siki linawasimamisha ukitaka kuhesabu kwa utulivu.

Ndoo iko tayari ikifika rotifa 100 au zaidi kwa mililita. Kwa nini 100? Tangi la lita 20 likitakiwa kuwa na rotifa 10 kwa kila mililita, unahitaji 200,000 kwa mara moja. Ndoo yenye 100 kwa mililita inakupa idadi hiyo kwa kuchota lita 2. Unaweza kuvuna robo ya ndoo kila siku na kurudishia maji mapya, nayo ikaendelea.

Ndoo ni mbili kwa sababu moja itakufa. Zisimamie kana kwamba ni nyumba mbili tofauti: kikombe cha hii kisiingie kwenye ile.

## Hatua ya 2: Andaa tangi la kulelea

Weka joto kati ya nyuzi 26 na 28, sawa na la wazazi. Kijibomba cha hewa kiwe kwenye kona, kikitoa povu moja au mawili kwa sekunde. Kifaranga wa siku ya kwanza ana milimita 3 hadi 4 tu. Mkondo ambao wewe huuoni unatosha kumzungusha mpaka achoke.

Weusi wa pande za tangi ni jambo la lazima. Vifaranga hufuata mwanga. Mwanga ukipenya kutoka ubavuni, watauganda ule ukuta na kuugonga kwa vichwa mpaka wafe huku chakula kikielea nyuma yao. Mwanga utoke juu tu, tena hafifu: taa ndogo iliyofunikwa karatasi nyeupe inatosha.

Filta ya sponji usiiwashe bado. Itawafyonza rotifa, na vifaranga nao.

## Hatua ya 3: Yasome mayai

Siku za mwanzo mayai huwa ya rangi ya chungwa. Baadaye yanaingia ukahawia, na macho yanaonekana kama nukta nyeusi. Angalia kila jioni kwa tochi na kioo cha kukuzia. Siku macho yanapong'aa rangi ya fedha, kama magamba ya dagaa juani, mayai yanaanguliwa usiku huohuo, kwa kawaida saa moja au mbili baada ya giza kuingia.

Kwenye nyuzi 27 hivi, tegemea siku ya 7 au ya 8. Maji ya baridi huchelewesha. Mayai yaliyogeuka meupe yamekufa. Dume atayaondoa mwenyewe. Jozi changa hula mayai yake mizunguko ya kwanza, na dawa yake ni kuwalisha vizuri mara tatu kwa siku, vyakula mbalimbali, na kutowasumbua.

## Hatua ya 4: Usiku wa kuanguliwa

Kuna njia mbili.

Kuhamisha mayai. Inafaa kama yametagwa kwenye chungu au kigae kinachotoka. Jioni ya macho ya fedha, zamisha bakuli kwenye tangi la wazazi, tia chungu ndani ya bakuli kikiwa bado chini ya maji, kisha beba vyote pamoja hadi tangi la kulelea. Mayai yasitoke majini hata kidogo. Yaelekeze chini au ubavuni, weka jiwe la hewa karibu ili mapovu yapite mbele yake na kuyatikisa kama dume anavyopepea. Yasipotikiswa hayafunguki. Zima taa zote za chumba, funika tangi kwa kitambaa cheusi, usichungulie kwa saa mbili.

Kuwachota vifaranga. Kama mayai yako kwenye mwamba usiotoka, zima pampu na filta zote za tangi la wazazi dakika chache kabla ya giza. Saa moja baadaye washa tochi kwenye kona moja juu ya maji. Vifaranga watakusanyika pale kama vumbi linalocheza. Wachote kwa kikombe pamoja na maji yao. Kamwe usitumie wavu, kwa sababu wavu unawatoa majini, na kifaranga wa saa moja hahimili hata sekunde ya hewa. Usisahau kuwasha pampu tena kwa ajili ya wazazi.

Ukimaliza, toa chungu na punguza hewa irudi povu moja kwa sekunde. Dalili ya mafanikio ni vifaranga wametapakaa katikati ya maji, wakielea na kusukuma mkia kwa vipindi. Waliolala chini mpaka asubuhi wamekwisha.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza hadi ya tano

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tusiharakishe.

Kifaranga huanguliwa na akiba kidogo sana ya kiini cha yai. Lazima ale ndani ya siku ya kwanza. Usiku huohuo, au kabla ya mwanga wa asubuhi, tia mwani mpaka sakafu ya tangi ionekane kwa ukungu, si wazi, si kufichika kabisa. Kisha chuja rotifa kwenye chekeche, wasuuze kwa maji ya tangi, uwatie mpaka wafike 10 hadi 15 kwa mililita.

Mwani una kazi tatu. Unawalisha rotifa ili wasife njaa ndani ya tangi, maana rotifa mwenye njaa ni chakula kitupu. Unapunguza ukali wa mwanga. Na unamwezesha kifaranga kuliona windo lake, kwa sababu kitu cheupe huonekana vizuri kwenye maji ya kijani.

Kwa nini 10 na si 2? Kifaranga haendi mbali kutafuta. Mtazame kwa kioo cha kukuzia asubuhi ya kwanza: anasimama, anajikunja kama herufi S, kisha anajifyatua mbele. Kila mfyatuko unamgharimu nguvu, na mingi ya siku ya kwanza hukosa shabaha. Rotifa wakiwa haba, nguvu inaisha kabla hajajifunza. Ukiona mikunjo hiyo ya S kote tangini, mambo yanakwenda. Mchana angalia matumbo: tumbo lililoshiba ni jeupe na limetuna, lenye njaa ni bapa na linapitisha mwanga.

Ratiba ya kila siku:

1. Asubuhi hesabu rotifa kwa sirinji kabla ya kuongeza. Ongeza kilichopungua tu. Rudia mchana na jioni.
2. Pima amonia. Ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha maji siku hiyohiyo. Ikifika 0.5, badilisha mara mbili. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya juu, na pH ya juu huifanya amonia kuwa sumu kali zaidi.
3. Kuanzia siku ya pili, fyonza sakafu kwa mpira wa hewa uliofungwa kwenye kijiti, toa asilimia 10 hadi 20 ya maji. Fyonzea kwenye ndoo nyeupe ili uwaokoe waliovutwa.
4. Rudisha maji mapya tone kwa tone kupitia mpira uliofungwa fundo, kwa saa nzima. Joto na chumvi viwe sawa na vya tangi.
5. Rudishia mwani ukipauka.

Taa iwake kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Kila asubuhi fungua kwanza pazia au taa ya chumba, subiri dakika kumi, ndipo uwashe ya tangi. Mwanga wa ghafla huwashtua, na mshtuko peke yake unaweza kuua.

Makosa yanayorudiwa hapa ni matatu. La kwanza ni kumwaga mwani uliokolezwa bila kipimo: usioliwa unaoza, na amonia inapanda usiku ukiwa umelala. La pili ni kutia unga wa chakula mapema. Hawauli kwa sababu haujongei kama windo. La tatu ni utando wa mafuta juu ya maji, unaozuia hewa. Uondoe kila asubuhi kwa kulaza karatasi ya jikoni juu ya maji sekunde moja na kuiinua.

Vifo vingi ndani ya saa 24 vinaonyesha hitilafu ya uhamishaji, mwanga au afya ya wazazi. Vifo vya siku ya 3 hadi ya 5 mara nyingi ni njaa. Tofauti hii itakusaidia kujua wapi pa kurekebisha mzunguko ujao.

## Hatua ya 6: Kuingiza atemia

Atemia aliyeanguliwa karibuni ni mkubwa mara kadhaa kuliko rotifa. Usimtoe kabla ya siku ya 5, na ukiona vifaranga bado wadogo subiri hadi ya 7.

Mwanguo ni rahisi. Kata kitako cha chupa ya plastiki, igeuze mdomo chini, tia lita 1 ya maji yenye gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai, na hewa ya nguvu kutoka chini. Kwenye nyuzi 28, chini ya taa, wako tayari kwa saa 24. Zima hewa dakika kumi: maganda yanaelea, atemia wa rangi ya chungwa wanakusanyika chini. Wafyonze wao tu. Ganda likimezwa huziba utumbo. Wachuje na kuwasuuza.

Toa wachache mno siku ya kwanza, wanaoisha ndani ya nusu saa. Ukiona matumbo ya rangi ya chungwa, wamekubali. Endelea na rotifa kwa siku tatu zaidi, kwa sababu wadogo wa kundi bado hawawezi atemia. Kila mlo uwe wa atemia wa siku hiyo: atemia aliyelala ametumia akiba yake na amekua, kifaranga hamwezi tena.

Kuna jambo moja zaidi. Atemia hana kiasi cha kutosha cha mafuta ya DHA (aina ya omega-3), na vifaranga waliokosa mafuta hayo huonekana wazima, halafu wanakufa kwa mtetemo siku unapobisha mfuniko au kubadilisha maji. Wakoleze rotifa kwa kirutubishi cha DHA saa chache kabla ya kulisha. Atemia hukolezwa tu baada ya kujivua gamba mara ya kwanza, saa kadhaa tangu kuanguliwa, kwani kabla ya hapo hana uwezo wa kula.

## Hatua ya 7: Kugeuka umbo

Kati ya siku ya 8 na ya 14 kifaranga anaacha kuelea katikati ya maji na kushuka karibu na sakafu na kuta. Rangi ya chungwa inaanza kuingia, kisha mstari mweupe kichwani, halafu wa katikati ya mwili. Wa mkiani huchelewa.

Vifo hutokea tena hapa, mwili ukijengwa upya. Usibadilishe mambo mawili siku moja. Ukianza unga, maji yabaki vilevile. Ukiwasha filta ya sponji, chakula kibaki kilekile. Sponji ianze kwa mapovu haba wakishaweza kuogelea mbali nayo.

Unga uanzishwe mara mistari ya kichwa ikionekana: kidogo sana kabla ya atemia, wakiwa na njaa. Wataudonoa na kuutema siku mbili tatu. Endelea. Atemia apunguzwe polepole kwa wiki nzima.

Kwa kundi la kwanza, vifaranga 20 wenye mistari ni matokeo mazuri sana. Mistari iliyokatika au kukosekana hutokea. Lishe ya wiki mbili za kwanza na urithi vyote vinahusika, na samaki huyo anaishi vizuri.

## Hatua ya 8: Kuwahamisha na kuwatenganisha

Wakishakula unga wote bila atemia, kwa kawaida wiki ya nne, wahamishe kwa kikombe hadi tangi la lita 60 au zaidi lenye filta iliyokomaa. Linganisha joto na chumvi kwa matone, saa nzima. Lisha mara nne kwa siku, kidogo kidogo.

Tazama mapezi. Wakubwa huwauma wadogo, na pezi lililochanika huoza. Wagawe kwa ukubwa mara tu unapoona mmoja amejibanza kona ya juu hashuki kula. Kuwapunguza idadi hadi wachache sana kunazidisha ukorofi, kwa sababu mkorofi anabaki na mlengwa mmoja.

Wiki hizo zote ndoo za rotifa ziendelee kulishwa na kuvunwa, hata kama hakuna anayekula humo. Wazazi wameshabandika mayai mengine.